Shajara ya kumtafuta babu: kutoka Gilgil hadi Maiella

12 Januari 2025

Mama atatimiza miaka 79 mwezi wa tatu. Jana tulikuwa tunachambua maharagwe, akasema bila kuinua kichwa, "Ningependa kujua baba yangu alizikwa wapi." Hakuongeza neno. Leo nimenunua daftari, na kila hatua nitaiandika humu, iwe imezaa kitu au haikuzaa.

Tunachokijua kinaenea ukurasa mmoja. Nyanya alikuwa akikamua ng'ombe katika shamba la setla karibu na Gilgil. Mwaka 1944 waliletwa pale Wataliano watatu, mateka wa vita, wajenge ghala la maziwa la mawe. Mmoja wao ndiye baba yake mama. Mwisho wa 1945 lori la jeshi liliwachukua, na mama akazaliwa Machi 1946. Katika rejista ya ubatizo wake, mahali pa jina la baba pana mstari mfupi wa wino. Nimeuona kwa macho yangu. Umepigwa kwa rula.

Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, maskwota Wakikuyu, yaani vibarua walioishi kwenye mashamba ya masetla, walipakiwa malori wakatolewa Bonde la Ufa kurudishwa Ukikuyuni. Nyanya alibeba mtoto, blanketi na kopo la biskuti. Ndani ya kopo mna vitu viwili hadi leo: tindo la mwashi, kichwa chake kimepondeka kwa nyundo, na picha ndogo ya kijana mwenye masharubu membamba. Nyuma ya picha pameandikwa jina, kisha jina la ukoo linaloanza na "Di", na chini yake neno moja: "Maiella". Maji yamekula herufi za mwisho za jina la ukoo.

Ushahidi wa tatu ni kaka yangu. Kwa mila ya Kikuyu mwana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Mama alipojifungua mwana wa pili mwaka 1974, wazee wa upande wa baba waliuliza huyu ataitwa nani, maana mama yake hana baba. Mama akawaambia anaye. Padri alidhani ni jina la mtakatifu tu, akaliandika kama lilivyo. Hivyo ndivyo jina la kwanza la babu lilivyofika kwetu bila kudondosha herufi.

2 Februari

Tulikuwa tunatoka Naivasha na mama, tukapitia barabara ya chini ili tusimame kwenye kile kikanisa cha Wataliano pale Mai Mahiu. Nimekipita maisha yangu yote nikiwa ndani ya matatu, sijawahi kushuka. Mateka walikijenga mwaka 1942, walipokuwa wakichonga barabara ya kupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Ni kidogo kuliko nilivyodhani. Mama alipitisha mkono kwenye mawe ya ukutani, jiwe moja baada ya jingine, kama anayekagua kazi ya fundi. Akasema yamekaa vizuri.

Inafaa niweke wazi hapa namna watu hawa walivyofika Kenya, kwa sababu wajukuu wanaoniuliza hudhani Italia iliwahi kututawala. Italia iliivamia Ethiopia mwaka 1935, ikaiunganisha na Eritrea na Somalia na kuiita Afrika Mashariki ya Kiitaliano. Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza, yakiwamo ya Waafrika wa King's African Rifles, yaliwashinda: Mogadishu Februari, Addis Ababa Aprili, Amba Alagi Mei, na Gondar mwishoni mwa Novemba. Makumi ya maelfu ya wafungwa waliletwa Kenya, wakawekwa kambi za Nanyuki, Gilgil, Naivasha, Londiani, Eldoret na kwingineko. Italia ilipoweka silaha chini Septemba 1943, waliokubali kushirikiana walianza kutolewa kambini kwenda kufanya kazi mashambani na barabarani. Mwaka mmoja baadaye, mwashi mmoja akafika kwenye shamba ambalo nyanya alikuwa akikamua.

16 Februari

Nyeri. Nilitaka kuondoa uwezekano mmoja kwanza: kwamba alifia hapa hapa Kenya na hakurudi kwao. Kanisa la kumbukumbu la Waitaliano, lililokamilika mwaka 1952, limehifadhi mifupa ya askari zaidi ya mia sita waliofia kambini na vitani, na majina yao yameandikwa ukutani. Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyekuwa makamu wa mfalme wa Italia kule Ethiopia, naye amezikwa humo. Alifia Nairobi akiwa mateka, tarehe 3 Machi 1942.

Tuligawana kuta, mimi na kaka, tukasoma majina yote. Saa mbili na nusu. Kaka alisimama mara tatu mbele ya jina lake mwenyewe, lakini ukoo haukuwa ule. Tulipomaliza tulikaa kwenye ngazi kimya. Sikujua kama nilichokihisi ni nafuu.

9 Machi

"Maiella" ni mlima. Uko katika jimbo la Abruzzo, upande wa mashariki wa Italia ya kati, kilele chake kinazidi mita 2,700. Chini yake kuna vijiji na miji kadhaa, na baadhi yake, kama Lettomanoppello na Pennapiedimonte, vinajulikana tangu zamani kwa kazi ya kuchonga mawe. Mlima na tindo vikaingia katika sentensi moja. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mahali pa kuanzia.

Majina ya ukoo yenye "Di" ni mengi mno Abruzzo. "Di" maana yake ni "wa", kama tunavyosema Kamau wa Njoroge. Shida ni kwamba karani mmoja huliandika kwa maneno mawili, mwingine huliunganisha, na mwingine hulipanga kwenye faharasa kwa herufi ya neno la pili. Juu ya hilo, mama hulitamka alivyolisikia kwa nyanya, na ulimi wa Kikuyu hauna tofauti ya r na l. Nimeandika tahajia kumi na nne kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya meza.

Rejista za Italia ni hazina, lazima niseme. Katika sehemu ile iliyokuwa Ufalme wa Napoli, usajili wa vizazi, ndoa na vifo kiserikali ulianza mwaka 1809. Italia yote kwa ujumla ilianza 1866, baada ya kuungana. Parokia zina vitabu vya zamani zaidi, kwa sababu Mtaguso wa Trento ulioisha 1563 uliwaagiza maparoko waandike ubatizo na ndoa. Na nyingi ya rejista za serikali zimepigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti ya umma iitwayo Antenati, yaani "wahenga", bila malipo. Si kila mji umeshapandishwa, na si kila mwaka. Mtu wa Gilgil anayetafuta cheti cha 1946 hana kitu kama hicho, na jambo hilo linaniuma kila nikifungua ukurasa.

23 Machi

Kosa la wiki mbili: nilikuwa natafuta mkoa wa Pescara tu, kwa sababu ndipo ulipo leo mji niliouanza nao. Mkoa wa Pescara uliundwa mwaka 1927. Mtu aliyezaliwa kabla ya hapo, mji huo ukiwa chini ya Chieti, karatasi zake zaweza kuwa kokote kati ya kuwili. Sasa natafuta kote.

Pia nimejifunza kusoma "fu". Ikiandikwa "di" na jina la baba, baba yu hai. Ikiandikwa "fu", baba amekwisha kufa. Herufi mbili, na unajua kama kijana huyo alikuwa yatima siku aliyooa.

31 Machi

Simu nne leo, zote kuhusu pasipoti. Serikali ya Italia imetoa amri tarehe 28 inayobana uraia wa kurithi, na binamu zangu wanataka kujua kama "nimechelewa". Nimewaeleza wote jibu lilelile. Babu hakumtambua mama kisheria. Si pasipoti ninayoitafuta. Mmoja alikata simu akiwa amekasirika, na ninaelewa, maisha ni magumu. Lakini lazima nilishike hili tangu mwanzo, kwa sababu nikiwapata jamaa wa kule, jambo la kwanza watakalojiuliza ni tunataka nini kwao.

20 Aprili

Nimempata. Nadhani.

Mwisho wa kila rejista kuna faharasa ya mwaka mzima, na nilisoma za miaka kumi na mmoja, 1910 hadi 1920, usiku kwa usiku baada ya kazi. Wavulana watatu wenye jina lile na ukoo ule. Mmoja baba yake alikuwa mchunga kondoo. Wawili waliobaki walinichanganya siku sita: wazazi walewale, jina lilelile, mmoja wa 1912 na mwingine wa 1915. Nilidhani karani amekosea. Kisha nikakiona kifo cha yule wa kwanza katika rejista ya 1913, na miaka miwili baadaye wazazi wakampa mwana aliyefuata jina hilohilo. Lilikuwa jina la babu mzaa baba, halikupaswa kuachwa. Rafiki yangu Mzungu niliyemwonyesha aliona ajabu. Mama hakuona ajabu yoyote. "Sasa wangemwita nani?" aliuliza.

Mila ile ya majina ya Abruzzo na yetu ni kama zimetoka nyumba moja: wa kwanza kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Kuanzia leo sifuati tena rejista kama mgeni. Naweza kukisia mtoto anayefuata ataitwa nani kabla ya kufungua ukurasa.

Baba yake huyu wa 1915 ameandikwa "scalpellino". Mchonga mawe.

Katika rejista hizo nimekutana pia na watoto ambao wazazi wao hawakutajwa, wakaandikiwa "N.N.", nao walibeba herufi hizo kwenye karatasi zao hadi sheria ya 1955 ilipoondoa takwa la kuandika majina ya wazazi kwenye vyeti vya kawaida. Nilimwonyesha mama. Aliziangalia muda mrefu kuliko alivyoliangalia jina la baba yake.

4 Mei

Barua pepe kwa halmashauri ya mji, ofisi ya usajili: naomba nakala kamili ya cheti cha kuzaliwa, pamoja na maandishi ya pambizoni. Miaka 70 imepita kwa hiyo hakuna kizuizi cha faragha. Barua ya pili kwa hifadhi ya nyaraka ya taifa iliyopo mkoani: naomba karatasi yake ya utumishi wa jeshi. Nimeandika kwa Kiitaliano cha kujifunza, sentensi fupi, kila barua jambo moja.

Wakala mmoja wa mtandaoni alinitoza mwezi uliopita kwa kazi hiyohiyo, akaniletea picha ambayo tayari ilikuwa bure. Fedha hizo hazitarudi.

7 Juni

Karatasi ya jeshi imefika. Niandike polepole.

Italia iliweka karatasi kwa kila kijana aliyeitwa jeshini, na sehemu ya kwanza inaelezea mwili wake, kwa sababu enzi hizo picha hazikuwa za kila mtu. Urefu mita 1.64. Nywele nyeusi, za mawimbi. Macho ya kahawia. Pua imenyooka. Kidevu cha mviringo. Meno mazima. Anajua kusoma na kuandika. Kazi: mchonga mawe. Alama ya pekee: kidole gumba cha mkono wa kushoto kimekatika pingili ya juu.

Nilimsomea mama nikimfasiria mstari kwa mstari. Kwenye kidevu alishika chake. Nilipofika kwenye kidole gumba alinyanyua mkono, nikanyamaza. "Nyanya yako aliniambia," akasema. "Alisema alikuwa akishika kikombe kwa vidole vinne. Nilidhani ndivyo wanavyoshika kwao."

Tindo hushikwa kwa mkono wa kushoto, nyundo kwa wa kulia. Nyundo ikiteleza inatua kwenye gumba.

Ni yeye. Sihitaji tena kuandika "nadhani".

Sehemu ya pili ni safari zake: kuitwa jeshini, kupanda meli Napoli, kushuka Massaua, kutekwa Gondar Novemba 1941, mateka wa Waingereza nchini Kenya, kushuka tena Napoli Desemba 1946. Mama alitaka nirudie tarehe ya mwisho. Alihesabu kwa vidole. "Miezi tisa," akasema. "Miezi tisa tulikuwa nchi moja."

Sikuwa na la kumjibu. Baadaye jioni nilimweleza nilichokisoma: kwamba Mei 1940 Italia ilipitisha sheria kwamba katika makoloni yake, mtoto wa Mwitaliano na Mwafrika hesabu yake ni mwenyeji tu, na baba haruhusiwi kumtambua. Sheria hiyo ilifutwa 1947. Kenya haikuwa koloni lao, na mfungwa wa kambini hakuwa na ruhusa ya kwenda popote. Lakini mwanamume aliyeishi miaka ile Ethiopia aliijua hali ilivyo. Sisemi hivi kumtetea. Mama alisikiliza akasema, "Angeweza kuandika barua." Nimeliandika neno lake hapa kwa sababu ni la haki, na kwa sababu utafiti huu ni wake kabla ya kuwa wangu.

29 Juni

Binamu aliyekuja likizo kutoka Uingereza ametuletea kifaa cha kupima DNA. Tumempima mama, sikujipima mimi: yeye yuko kizazi kimoja karibu zaidi na babu, vinasaba vyake vya upande ule ni mara mbili ya vyangu. Asitumie mswaki wala kunywa chai nusu saa kabla. Kwa mama, nusu saa ya asubuhi bila chai ni kafara kubwa.

10 Agosti

Cheti cha kuzaliwa kimefika baada ya barua tatu. Waitaliano huandika pambizoni mwa cheti cha kuzaliwa yale yanayompata mtu baadaye, kwa hiyo karatasi moja inaweza kubeba maisha yote. Pambizoni mwa babu kuna mambo mawili: ameoa Ubelgiji, 1949. Amefariki Ubelgiji, 1981.

Kwanza, 1949. Nilikuwa nimebeba hofu tangu Januari kwamba kulikuwa na mke anayemsubiri nyumbani wakati ule wa Gilgil. Hakuwapo. Nimemwambia mama kabla hata ya kufunga kompyuta.

Pili, Ubelgiji. Tarehe 23 Juni 1946 Italia na Ubelgiji zilitia saini mkataba: Italia itoe wafanyakazi 50,000 kwa migodi ya makaa ya mawe, elfu mbili kila wiki, na Ubelgiji iiuzie Italia makaa. Abruzzo ilikuwa maskini baada ya vita, mapigano makali yalikuwa yamepita hapohapo chini ya Maiella. Mtu aliyerudi Desemba 1946 baada ya miaka mitano ya kifungo alikuta kijiji kimebomoka na treni inayokwenda kaskazini.

Juzi ilikuwa tarehe 8 Agosti. Siku kama hiyo mwaka 1956, moto ulizuka katika mgodi wa Bois du Cazier, Marcinelle, karibu na Charleroi. Walikufa watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitaliano, 60 wakiwa wa Abruzzo. Manoppello, mji ulio chini ya mlima uleule, ulipoteza wanaume wengi siku hiyo. Nilijua babu alikufa 1981, nina karatasi mkononi, na bado niliyapitia majina ya wafu wa Marcinelle hadi mwisho. Ukoo wake umo. Sijui bado ni nani kwetu.

14 Septemba

Majibu ya DNA. Watu wengi wa mbali, vipande vidogo visivyosema kitu. Lakini wa kwanza kwenye orodha ni mwanamke wa Argentina anayeshirikiana na mama sentimogani 236, kipimo cha DNA ambayo watu wawili wameirithi kwa pamoja. Wastani wa binamu wa pili, yaani watu wenye babu-mzaa-babu mmoja, ni kama 230.

Kabla ya kumwandikia nilirudi kwenye rejista. Baba yake babu alikuwa na kaka mdogo. Nilimtafuta kuzaliwa kwake wikendi nzima ndani ya Agosti 1887, kwa sababu kumbukumbu ya ndoa yake ilisema "8bre". Si mwezi wa nane. Ni "otto-bre", Oktoba, maana "otto" ni nane kwa Kiitaliano, kama ilivyo "7bre" kwa Septemba. Kila anayeanza kazi hii huingia shimo hilo. Nilimpata Oktoba, na huyo hana kifo chochote kwenye rejista za mji. Waliohamia Amerika hutoweka hivyo, wanaacha kuzaliwa bila kufa.

Nilimwandikia huyo dada maneno machache, nikimtaja babu-mzaa-babu kwa jina, bila kusema lolote kuhusu Kenya. Alijibu usiku uleule. Ndiyo, babu yake alitoka chini ya Maiella, akashuka Buenos Aires kabla ya Vita vya Kwanza. Ana picha yake akiwa na tindo.

28 Septemba

Nilipomweleza mambo ya Gilgil alinyamaza siku mbili. Kisha akatuma ujumbe wa sauti wa dakika saba. Alikuwa analia, na katikati alimwita mama "prima", binamu. Mama hakuelewa lugha lakini alitaka ausikie wote. Kisha akaniuliza kwa nini anamwita binamu, kwa nini asiseme ndugu? Kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu, hakuna mjadala. Nimelifikisha swali hilo Argentina, likapokelewa vizuri sana. Sasa kila ujumbe unaanza na "ndugu", kwa Kiswahili.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba bado anawasiliana na mzee mmoja wa ukoo kule kijijini. Nilimwandikia mzee huyo kwa Kiitaliano, nikasema mimi ni "nipote" wa fulani. Jibu lake lilikuwa la heshima na la kuchanganyikiwa: huyo hakuwa na dada aliyekwenda Afrika. Padri mstaafu wa shirika la Consolata anayenisaidia lugha ndiye aliyeona kosa. Kwa Kiitaliano "nipote" ni mjukuu, na ni mpwa pia. Ilibidi niandike tena: mimi ni mtoto wa binti yake. Nilipoandika sentensi hiyo waziwazi mikono yangu ilitetemeka, kwa sababu hapakuwa tena na neno la kujificha nyuma yake.

Wiki nzima kimya. Kisha mistari miwili. Mzee alikuwa amezungumza na Ubelgiji. Yupo binti mmoja, amezaliwa 1950. Anakubali kupokea barua, ila iwe ya karatasi, na iwe ya Kifaransa.

19 Oktoba

Barua nimeiandika mara nane. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na ushahidi mwingi, DNA, tarehe, karatasi ya jeshi, kana kwamba nimempeleka mtu mahakamani. Huyu ni mwanamke wa miaka 75 aliyempenda baba yake. Ushahidi nimeufuta wote nikaacha hiki:

"Mama yangu alizaliwa Kenya mwaka 1946. Mama yake hakuolewa tena, na hakuwahi kumsema baba yako vibaya. Hatuhitaji fedha, jina wala karatasi yoyote. Mama angependa kujua baba yake alizikwa wapi. Ukipenda kutojibu tutaelewa, na hatutaandika tena."

Jirani yetu, mama wa Bukavu, Kongo, ameifasiri kwa Kifaransa. Nilimpa ya Kiswahili, tukakaa naye jikoni kwake jioni nzima tukipima kila neno. Yeye ndiye aliyeshauri nitoe neno "haki". Nimeweka picha ya mama akiwa shambani, na nakala ya picha ya kijana mwenye masharubu.

Mama ameongeza kwa mkono wake, chini kabisa: "Salamu kwa mdogo wangu."

23 Novemba

Bahasha imefika. Kurasa tatu, mwandiko wa shule wa zamani.

Anasema baba yake alizungumza juu ya Afrika mara chache, na kila mara juu ya mlima wenye theluji na baridi ya asubuhi. Juu ya mtu, kamwe. Alifanya kazi chini ya ardhi miaka kumi na minane, vumbi likamwingia mapafuni, akastaafu kabla ya wakati, akarudia mawe: alichonga misalaba ya makaburi ya wenzake. Wake mwenyewe aliuchonga mapema. Kaburi lipo katika makaburi ya mji mdogo karibu na Charleroi, yeye na mkewe pamoja. Kule kaburi hukodishwa kwa miaka, muda ukiisha bila mtu kulipia hutwaliwa. Ameongeza muda miaka mitatu iliyopita. Ametuma picha. Mama ameiweka kwenye kopo la biskuti.

Anasema ameitazama picha ya mama siku nyingi kabla ya kuandika, na kwamba hana hakika bado moyo wake uko wapi. Nimelipokea hilo. Anaomba tusimpigie simu kwanza, tuandikiane.

Kisha, katika ukurasa wa tatu, ana swali. Nyumbani kwao, baba yake aliita chungu cha kupikia "sufuria". Mama yake akaliiga, na wao watoto wakalikuta. Alikua akidhani ni neno la kijijini Abruzzo. Mara ya kwanza alipokwenda kule, akiwa msichana, aliwaomba shangazi zake sufuria na hawakumwelewa, na tangu siku hiyo hajajua neno hilo baba yake alilitoa wapi. Anauliza kama sisi tunalijua.

Nilimsomea mama. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na ile kubwa ya kupikia githeri, imechakaa, haina kifuniko. Akaniambia niwashe simu nirekodi. Akaigonga kwa mwiko mara moja, akasema taratibu kama anayemfundisha mtoto kuongea: su-fu-ri-a.